Ukiletewa Samansi: Mwongozo kwa Mkazi wa Musoma, Bunda na Butiama

Mjumbe amefika nyumbani na karatasi yenye nembo ya taifa. Anasema ni samansi ya mahakama na anataka uisaini. Wengi wetu hapa Mara tukisikia neno hilo moyo unatushtuka. Kuna wanaokataa hata kuigusa. Kuna wanaomtuma mtoto akaseme baba kasafiri. Wapo pia wanaovuka kwenda kisiwa cha Rukuba kwa wavuvi, au kujichimbia machimboni Buhemba, wakingoja mambo yapoe. Mambo ya mahakama hayapoi kwa kukimbiwa. Shauri linaendelea bila wewe, na mara nyingi linakwisha kwa hasara yako.

Samansi, au hati ya wito, ni karatasi ambayo mahakama inamwita mtu afike mbele yake siku fulani, saa fulani. Haimhukumu wala haisemi kuwa ana hatia. Inamwambia tu kwamba ametajwa katika shauri, kwa hiyo aje asikilizwe. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Bila wito, ungeshtukia dalali wa mahakama yuko shambani kwako anapima mipaka. Kwa hiyo karatasi hiyo ni kinga yako, hata kama aliyekushtaki ni mtu unayegombana naye.

Utaisomaje? Usiikunje uiweke mfukoni kabla hujaisoma, na kama macho hayaoni vizuri, mwombe mtu unayemwamini akusomee polepole. Tazama kwanza jina la mahakama. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu wa Butiama anaweza kuitwa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na kijiji chake, au akaitwa mjini Musoma, kwa kuwa Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, ziko huko. Mtu wa Kibara naye anaweza kuandikiwa afike Bunda mjini. Ukienda mahakama isiyo yako, siku imekwisha, nauli imekwenda, na kwenye jalada umeandikwa kwamba hukufika.

Kisha tazama namba ya shauri na mwaka wake. Inakuwa kama "Shauri la Madai Na." au "Kesi ya Jinai Na.", ikifuatiwa na tarakimu na mwaka. Iandike pembeni, maana karani atakuuliza hiyo kabla ya jina lako. Halafu soma majina ya pande zote mbili ujue wewe ni nani humo: mdaiwa, mshtakiwa, au shahidi. Mwisho soma tarehe na saa. Kama hati yako imeandikwa kwa Kiingereza na inasema 9:00, hiyo ni saa tatu asubuhi, si saa tisa alasiri. Ukiikosea saa hiyo utakuta kesi imeshatajwa na hakimu ameshaingia kwenye jingine. Hati za Kiingereza zilikuwa kitu cha kawaida kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ukiletewa hati usiyoielewa, una haki ya kwenda kwa karani na kumwomba akueleze kwa Kiswahili imesema nini.

Nitajuaje kama ni samansi ya kweli? Hati halali huwa na jina la mahakama, namba ya shauri, saini na muhuri. Ukiwa na shaka, ipeleke kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, yaani ofisi inayotunza majalada, na uombe waangalie namba hiyo. Mtu akikupigia simu akasema una kesi na utume pesa ili "ifutwe", huyo ni tapeli. Hakuna kesi inayofutwa kwa kutuma pesa kwenye simu ya mtu.

Sasa tuje kwenye kusaini, kwa sababu hapa ndipo penye hofu kubwa kuliko yote. Kuna imani imeenea vijijini kwamba ukisaini samansi umekubali kosa, au umekubali deni. Si kweli hata kidogo. Saini yako inathibitisha jambo moja: kwamba karatasi imekufikia. Mjumbe hubaki na nakala yenye saini au alama ya kidole chako, na nyingine anakuachia wewe. Hakikisha unabaki na nakala yako. Andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea, kwa sababu kuna muda utakaohesabiwa kuanzia hapo.

Na nikikataa? Mjumbe atarudi mahakamani na kula kiapo kwamba alikufikia ukakataa. Mara nyingi anakuwa ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, ambaye naye ataandika kwamba alishuhudia. Sheria ya mashauri ya madai inaruhusu pia nakala ibandikwe kwenye mlango wa nyumba unayoishi. Usipopatikana kabisa, mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini. Hatua hizo zikikamilika, mahakama inakuchukulia kuwa umeitwa, hata kama gazeti lenyewe hukuliona. Kukataa kusaini kunakuondolea faida moja kubwa, nayo ni kuisoma hati na kujua unadaiwa nini.

Itokee mimi sipo na hati imepokelewa na mke wangu, au kijana wangu mkubwa? Katika kesi za madai, usipopatikana, hati inaweza kuachwa kwa mtu mzima wa familia anayeishi nawe. Kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema: karatasi yoyote ya mahakama ikija, isifichwe kwa kumhurumia baba. Wavuvi wa Mugango na Majita wanaolala ziwani siku nyingi wanalihitaji neno hili zaidi ya wengine.

Kuna wito wa namna nyingine ambao watu huuchanganya na samansi. Polisi wanaweza kukuita kituoni. Uliza mambo mawili: jina la askari anayekuhitaji, na unaitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa. Nenda, lakini mwambie ndugu mmoja unakokwenda. Hati ya kukamata ni kitu kingine kabisa. Hiyo humwamuru askari akukamate, na wewe huachiwi uchague siku ya kwenda.

Baraza la kata nalo huita watu, hasa kwa migogoro ya mipaka ya mashamba. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi. Kazi yake ni kuwapatanisha. Wito wake bado una uzito, kwa sababu shauri la ardhi haliendi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama lile la Musoma, kabla usuluhishi haujajaribiwa kwenye kata. Zikipita siku 30 bila baraza kuwapatanisha, mwenye malalamiko anaweza kusonga mbele. Nenda ukasikilizwe pale, maana hapo gharama ni ndogo na wajumbe wanalijua shamba lenyewe.

Na kwa jamii zenye iritongo, yaani mkutano wa kimila unaokutanisha wazee na wanaukoo kama ilivyo kwa Wakurya, wito wake ni wa heshima na mila. Kwenda ni vyema kwa ajili ya amani ya kijiji. Lakini iritongo haiwezi kukufunga jela, na kilichoamuliwa huko hakiizuii mahakama kuendelea na kesi. Kama umeitwa kotekote, usiache mahakama kwa sababu "wazee wameshamaliza". Kama kweli mmepatana, nendeni wote wawili mahakamani tarehe ileile mkaseme hivyo, ili hakimu ayaandike mapatano yenu kwenye jalada.

Tuseme basi wewe ni mdaiwa, yaani mtu kakushtaki kwa madai: deni la nyavu, ng'ombe waliokula mahindi ya jirani. Kwanza tulia. Kudaiwa pesa peke yake si kosa la jinai. Kama kesi iko Mahakama ya Mwanzo, huhitaji kuandika hati ndefu. Utasomewa madai na kuulizwa unakubali au unakana. Waweza kukubali sehemu na kukana sehemu, kwa mfano ukasema nyavu ulizichukua lakini nusu ya fedha ulishalipa. Kusanya kila kitu chenye kuonyesha ukweli wako: stakabadhi, ujumbe wa malipo kwenye simu, karatasi ya makubaliano, majina ya walioshuhudia. Ujumbe wa simu usiufute, na kama simu ni mbovu, nenda mapema kwa wakala au kampuni ya simu ukaombe taarifa ya miamala.

Kama kesi iko Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, utaona samansi imeambatanishwa na hati ya madai. Hapo kuna jambo la haraka: unatakiwa kuwasilisha majibu yako kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipopokea. Hii ndiyo sababu nilikwambia uandike tarehe ya kupokea. Watu huihesabu siku ya kesi, wanaona iko mbali, wanakaa. Siku 21 zinapita wakati mtu anapalilia mihogo, naye akifika mahakamani anaambiwa hana majibu kwenye jalada. Mtafute wakili au msaidizi wa kisheria ndani ya wiki ya kwanza.

Ukiitwa kama mshtakiwa wa jinai, ni lazima ufike wewe mwenyewe. Usipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kukamata, na kama ulikuwa nje kwa dhamana, dhamana yafutwa na wadhamini wako wanaandamwa kwa fedha waliyoahidi. Mjomba aliyekudhamini kwa nyumba yake ndiye atakayelipia kukimbia kwako. Dhamana yenyewe haiuzwi. Hulipii chochote kwa askari wala kwa karani ili upewe. Makosa machache makubwa, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, hayana dhamana.

Shahidi naye asilichukulie jambo hili kuwa la hiari. Shahidi aliyeitwa kwa samansi akikaa nyumbani bila sababu anaweza kuletwa kwa nguvu na kuadhibiwa. Kama unahofia nauli, sema mapema. Katika kesi ya madai, upande uliokuita ndio unaopaswa kugharamia safari yako. Katika kesi ya jinai ambayo upande wa mashtaka umekuita, mwulize mwendesha mashtaka au karani kuhusu posho ya shahidi kabla hujaondoka siku hiyo.

Nawe una haki ya kuita. Hili wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo linalowapotezea kesi nyingi watu wanyonge. Kama kuna mtu aliyeona wewe ukilipa deni lakini anaogopa kuja, mwambie hakimu jina lake na anakoishi, uombe mahakama imwandikie samansi. Mtendaji wa kijiji aliyesimamia mauziano ya shamba anaweza kuitwa. Mwenye kumbukumbu za ofisi anaweza kuamriwa alete daftari. Usisubiri siku ya mwisho ya ushahidi wako ndipo useme "nilikuwa na shahidi ila amekataa". Liseme mapema, na uombe liandikwe.

Siku ikiangukia kwenye ugonjwa au msiba je? Usikae kimya. Mtume ndugu yako na karatasi ya hospitali au barua ya mtendaji, afike kabla ya saa ya kesi, amwone karani, aombe shauri liahirishwe. Katika mashauri ya madai ya Mahakama ya Mwanzo, sheria inaruhusu ndugu au mtu wa nyumba yako kukuwakilisha, ikiwa umeomba na mahakama imekubali. Mama mzee wa Nyamuswa asiyeweza kupanda gari anaweza kumwombea ruhusa mwanawe. Ruhusa hiyo haiji yenyewe, inaombwa.

Siku yenyewe ondoka mapema. Anayetoka Butiama akashuka Makutano kungoja gari la Musoma, au anayetoka visiwani kwa mtumbwi, ajue kwamba upepo wa ziwa na uhaba wa magari si visingizio vinavyokubalika kila mara. Beba samansi, kitambulisho na vielelezo vyako, asilia pamoja na nakala. Ukifika, jitambulishe kwa karani na umpe namba ya shauri, kisha usiondoke kwenda kunywa chai mbali. Majina yakiitwa mara tatu barazani bila jibu, imeandikwa hukufika. Ndani zima simu. Ukisikia sauti ya "kooorti!" simama, hakimu anaingia. Ukizungumza naye mwite Mheshimiwa, jibu ulichoulizwa, na kama hukuelewa sema hukuelewa. Mzee anayejimudu kwa Kizanaki, Kijita au Kikurya kuliko Kiswahili aombe mkalimani bila aibu. Na usitoke chumbani kabla hujasikia tarehe inayofuata, kwa sababu mara nyingi tarehe hiyo hutamkwa tu, hutaletewa samansi nyingine.

Kuitwa mahakamani hakumwondolei mtu heshima. Mwana wa Butiama mwenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, alishtakiwa mwaka 1958 mjini Dar es Salaam kwa kashfa, baada ya kuandika katika gazeti la Sauti ya TANU maneno makali dhidi ya wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alifika kizimbani, akatetewa na mawakili, akakutwa na hatia, akaamriwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Faini ikalipwa, na miaka 3 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru.

Gharama zote hizi nitazitoa wapi? Kupokea samansi ni bure. Aliyefungua shauri ndiye aliyelipia ada ya kulifungua, wewe unayeitwa hudaiwi senti na mjumbe. Ukitakiwa kulipa ada yoyote halali, kwa mfano unapofungua maombi yako, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, ulipe benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Ukiombwa "ya soda" ili jalada lionekane au lipotee, piga TAKUKURU namba 113, haitozwi.

Kwa wakili, bei mnaelewana, na uombe stakabadhi. Asiye na uwezo ana njia nyingine: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watu maskini kusaidiwa bila malipo, pamoja na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa na kusajiliwa wanaofanya kazi kwenye jamii. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Manispaa ya Musoma, Bunda au Butiama, wakuelekeze kwa aliye karibu nawe. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Mahakama huwa na Wiki ya Sheria ambapo mahakimu na mawakili hukaa maeneo ya wazi na kujibu maswali ya wananchi bure. Ila kama samansi yako ni ya Mei, usingoje Januari.

Labda umechelewa kuyasoma haya, na hukumu imeshatoka ukiwa hupo. Hiyo huitwa hukumu ya upande mmoja. Bado una nafasi: nenda mahakama ileile iliyoitoa, uombe itenguliwe ili usikilizwe. Utatakiwa kueleza kwa nini hukufika, na sababu yenye karatasi, kama cheti cha kulazwa, ina nguvu kuliko maneno. Kama kweli hukuletewa samansi, sema hivyo na uombe kiapo cha mjumbe kionyeshwe: alisema alikukuta wapi, siku gani, na nani alishuhudia? Maombi haya yana ukomo wa muda, kwa hiyo nenda wiki hiyohiyo uliyopata habari.

Na kama ulisikilizwa lakini hukuridhika, unakata rufaa, yaani unaiomba mahakama ya juu iangalie upya. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kwa mashauri yaliyoanzia huko Mwanzo, kutoka Wilaya huenda Mahakama Kuu, nako ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Zamani rufaa za Mara zilitupeleka Mwanza. Sasa Mahakama Kuu iko hapa Musoma. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, maana siku hizo hazikungoji.

Kama una samansi ndani ya nyumba wakati huu, juu ya kabati au chini ya godoro, itoe leo, soma jina la mahakama na tarehe, na kesho asubuhi nenda kamwone karani.